Nani Anamhitaji Nani? Mwongozo wa Kuchora Ramani ya Bahati, Nguvu na Uhusiano wa Wahusika

Kila nikikaa na watu wanaoanza kuandika hadithi au miswada ya filamu, na kila nikikutana na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa fasihi, maswali ni yale yale. "Mhusika wangu ameokota pesa njiani, ni kosa?" "Mhusika mkuu si ndiye mwenye nguvu?" "Nimeambiwa nifafanue uhusiano wa hawa wawili. Ni mume na mke, basi. Nifafanue nini tena?" Nimejibu kwa mdomo mpaka koo limekauka. Leo naandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Hapa hutapata nadharia nyingi. Utachora. Ukimaliza utakuwa na karatasi moja inayokuonyesha bahati imemwangukia nani, nguvu iko mkononi mwa nani, na nani kafungwa na nani, tukio kwa tukio. Ukiwa msomaji itakusaidia kujibu swali. Ukiwa mwandishi itakuonyesha mahali ambapo hadithi yako inavuja.

Mfano wangu mkuu ni kisa ambacho wengi wenu mlisimuliwa utotoni: masikini na paa wake. Edward Steere alikikusanya Unguja na kukichapisha London mwaka 1870 kwa jina la Sultani Darai. Kwa aliyesahau: mtu aliyetapanya mali yake yote anaishi kwa kuchakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni. Anapita muuza paa, masikini anamnunua paa mmoja kwa thumuni ile, watu wakimcheka. Paa anaongea. Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani na kumposea bwana wake binti wa sultani. Anamwosha bwana wake, anadanganya kwamba amevuliwa nguo na wezi, ndoa inafungwa. Kisha paa anakwenda kumuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la kifahari. Halafu paa anaugua, na bwana wake hamjali. Paa anakufa. Siku moja bwana anazinduka usingizini, yuko jaani, anachakura.

Kisa kifupi, lakini yote tunayoyatafuta yamo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kisa kimoja kifupi. Riwaya ya kurasa mia tatu iache kwanza, utaifikia.
- Karatasi kubwa. Manila ikipatikana, vizuri. Mimi natumia mgongo wa kalenda za mwaka uliopita, zile za kutundika ukutani.
- Kalamu ya risasi na ufutio. Usianze na wino, utafuta sana.
- Kalamu tatu za rangi: kijani kwa bahati, nyekundu kwa nguvu, buluu kwa uhusiano. Ukiwa na rangi nyingine haidhuru, mradi usizichanganye.
- Kama ni filamu, uwe nayo mahali unapoweza kuisimamisha na kuirudisha nyuma. Ukiitazama kwenye banda la video pamoja na watu hamsini, hutarudisha kitu.
- Uwe umeshakisoma au kukitazama mara moja kwa starehe tu, bila kalamu.

Na maneno matatu tuelewane. *Bahati* ni jambo lililomfika mhusika bila yeye kulipanga, liwe zuri au baya. Iite sadfa, nasibu, mkosi au nuksi, kwenye ramani yote ni kijani. *Nguvu* ni uwezo wa kumfanya mwingine afanye asilotaka au aache analotaka. *Uhusiano* ni kile kinachowafunga watu wawili wasiweze kuachana hivi hivi: damu, ndoa, deni, fadhila, siri, chuki. Inatosha, tuanze.

Hatua ya 1: Orodhesha wahusika wote, hata wasiosema

Andika majina upande wa kushoto wa karatasi. Asiye na jina mpe kazi yake: "muuza paa", "bi kizee wa jumba", "watu waliocheka".

Watu wengi huruka hao wa mwisho. Usiwaruke. Kwenye kisa chetu, wale waliosimama njiani wakamwambia muuza paa asipoteze wakati na mtu wa jaani ndio wanaotuonyesha masikini ana thamani gani mjini. Ukiwafuta, kununua paa kunakuwa ununuzi tu. Wakiwepo, ni mtu aliyedharauliwa akitoa senti yake ya mwisho hadharani.

Hatua ya 2: Kata kisa katika matukio

Tukio ni mahali ambapo kitu kimebadilika na hakiwezi kurudi kilivyokuwa. Jipime kwa sentensi hii: "Kabla ya hapa fulani alikuwa hivi, baada ya hapa akawa vile." Ikishindikana kuijaza, hilo si tukio, ni mazungumzo au mapambo.

Cha paa mimi nakikata vipande vinane: thumuni, ununuzi, paa kuongea, almasi, posa na ndoa, nyoka na jumba, ugonjwa, jaani. Wewe unaweza kupata saba au tisa, hatutagombana. Ukipata ishirini, umeandika muhtasari. Rudi nyuma.

Viandike juu ya karatasi kutoka kushoto kwenda kulia. Sasa una jedwali: wahusika kushoto, matukio juu.

Hatua ya 3: Chora mishale ya uhitaji

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiharakishe.

Katika kila tukio, jiulize swali moja tu kwa kila wahusika wawili: *nani anamhitaji nani, kwa kitu gani?* Chora mshale wa buluu kutoka kwa mhitaji kwenda kwa anayehitajiwa, na juu yake andika kitu chenyewe kwa neno moja: chakula, heshima, ruhusa, fedha, mtoto, msamaha, ukimya.

Ukimaliza tukio, angalia vichwa vya mishale vimejaa wapi. Hapo ndipo penye nguvu. Pazungushie duara jekundu.

Tujaribu. Tukio la pili, siku ya kumnunua paa. Paa yumo tunduni, anamhitaji masikini: uhuru, au angalau kutolewa tunduni. Masikini naye anamhitaji paa kwa nini? Kwa chakula hawezi, hana hata cha kumlisha. Mimi niliandika "mwenzi" kwa kalamu ya risasi, na mpaka leo sijakifuta. Duara jekundu liko kwa masikini. Ndiyo mara ya kwanza katika kisa kizima kuna kiumbe anayemhitaji yeye.

Tukio la tatu, paa anaongea. Anaomba aachiwe akajilishe mwenyewe porini na kurudi jioni. Tazama kinachotokea kwenye mishale: uhitaji wa chakula unafutika, unabaki uhitaji wa ruhusa tu. Masikini akiitoa hiyo ruhusa, paa hamhitaji tena kwa lolote. Lakini jioni anarudi. Anarudi kila siku. Mshale unaomrudisha hauna chakula wala kamba ndani yake, una fadhila. Uandike "fadhila" na uukoleze, kwa sababu kisa chote kitakuja kuning'inia hapo.

*Onyo.* Usichore cheo. Mwanzoni kila mtu huchora mishale yote kwenda kwa sultani kwa sababu ni sultani. Hapana. Sultani anaingia kwenye ramani yako pale tu mtu anapomhitaji, na wakati mwingine yeye ndiye mhitaji. Almasi ikishatua mkononi mwake, tayari anataka kujua huyo bwana anayetuma mahari ya namna ile ni nani. Mshale umetoka kwake kwenda kwa mtu ambaye wakati huo huo amelala karibu na jaa.

Hatua ya 4: Weka alama za bahati, kisha ziulize maswali matatu

Chukua kijani. Kila jambo lililotokea bila mtu kulipanga, weka nukta. Kisha kila nukta iulize:

1. Imemwangukia nani?
2. Ilimkuta akifanya nini?
3. Nani ameitumia?

Jibu la kwanza na la tatu yakiwa watu wawili tofauti, umepata dhahabu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni ile leso ya Desdemona katika Othello, tamthilia ya Shakespeare. Desdemona ni mke wa Othello, na Iago, askari aliye chini ya Othello, anataka kumwaminisha bwana wake kwamba mkewe si mwaminifu. Leso inaanguka, sadfa tupu. Anayeiokota ni Emilia, na Emilia anampa mumewe, Iago. Iago alikuwa ameshamwomba mara nyingi amwibie leso hiyo. Kwa hiyo bahati ilianguka chini, lakini ilianguka mbele ya mtu ambaye mkono wake ulikuwa umekaa tayari kwa siku nyingi. Ukisema "Desdemona alikufa kwa sababu ya leso" umeona nukta ya kijani tu. Ramani inakuonyesha kwamba kuna mume anayeagiza, mke anayetaka kumridhisha mumewe, na leso ikapita katikati yao.

Sasa rudi kwa paa. Almasi ameiona yeye chini ya mti. Anafikiria kumpelekea bwana wake, kisha anaacha. Kwa nini? Kwa sababu mtu wa jaani akionekana na almasi watu watauliza ameitoa wapi, wataamua ameiba, na watamuua. Soma tena hapo. Paa ameelewa jambo ambalo waandishi wengi wachanga hawajalielewa: bahati ikimwangukia asiye na nguvu ni hatari kwake, mpaka apatikane mtu wa kuisimamia. Kwa hiyo anaipeleka kwa mwenye nguvu, kama mahari. Bahati inageuzwa uhusiano, na uhusiano ndio unaozaa nguvu. Kwenye karatasi yako chora kijani kinachoingia kwenye buluu na kutoka nyekundu. Ukikiona kifundo hicho kwenye kisa chochote, kizungushie mara mbili.

*Onyo.* Usiite bahati kila kitu usichokieleza. Kama mhusika alifanya bidii akafanikiwa, hiyo si bahati hata kama mwandishi ameandika "kwa bahati nzuri". Neno hilo wengine huliweka kama chumvi.

Hatua ya 5: Andika nguvu inatoka wapi

Kando ya kila duara jekundu, andika chanzo chake. Vyanzo si vingi: cheo, mali, siri, ulimi, deni, hofu, ujuzi, na uzuri wa sura kama mwandishi ameupa kazi. Ukiandika "ana nguvu kwa sababu ni mbaya" hujaandika kitu.

Siri ina tabia yake: mwenye nguvu ya cheo huwa mtumwa wa siri yake mwenyewe. Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, kuna mtoto mchanga anayeachwa mlangoni kwa Amani, na mzigo wote unamwangukia Amani. Mzazi wa mtoto ni Mtemi Nasaba Bora mwenyewe. Kwa macho ya kijiji mishale yote inakwenda kwa Mtemi. Chini yake kuna mmoja unaotoka kwa Mtemi: anahitaji ukimya. Uchore.

Ulimi nao ni chanzo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama ni mshtakiwa na mshtaki wake ni waziri, Majivuno. Karama hana mali wala askari. Ana nafasi ya kusema, na anaitumia siku baada ya siku kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita. Kadiri baraza linavyotaka kusikia ya kesho, ndivyo mshale unavyogeuka. Wao wanamhitaji amalizie.

Deni ndilo linalojificha zaidi, na mara nyingi linavaa nguo za mkosi. Filamu ya Xala ya Sembène Ousmane wa Senegali, ya mwaka 1975, inamhusu mfanyabiashara tajiri anayeoa mke wa tatu, na usiku wa harusi nguvu za kiume zinampotea. Nuksi, utasema, na yeye mwenyewe anaihangaikia hivyo, kwa waganga. Mwishoni unajua aliyemtupia ni ombaomba ambaye tajiri huyu alimdhulumu zamani. Kwa hiyo nukta ya kijani uliyoweka mwanzo wa filamu inabidi uifute, kumbe palikuwa na deni tangu mwanzo. Ndiyo maana nilisema usianze na wino.

Hatua ya 6: Sikiliza wanavyoitana, tazama wanavyokaa

Hatua hii wageni wa lugha hawaiwezi, sisi tunaipata bure na bado tunaiacha.

Pitia mazungumzo uandike: nani anamwita nani nini? Nani anatoa shikamoo, na nani anaitikia marahaba bila kuinua macho? Nani alikuwa "mwanangu" akawa "wewe"? Nani ameanza kuitwa "mzee" wakati umri wake haujabadilika, fedha ndizo zilizoongezeka? Mhusika anapoacha kumwita mwenzake "dada" na kumwita kwa jina kavu, uhusiano umeshakatika, hata kama mwandishi ataueleza kurasa kumi baadaye.

Katika kisa chetu, paa anamwita masikini "bwana" tangu siku ya kwanza, jaani, wakati hakuna mwingine duniani anayemwita hivyo. Kisha akifika kwa sultani anamtaja kwa jina la kisultani, Sultani Darai. Bwana huyo hajawa chochote bado. Ameitwa kwanza, akawa baadaye. Cheo chake chote kimetoka mdomoni mwa mnyama.

Kwenye filamu, zima sauti dakika tano. Kweli, izime. Nani ameketi na nani amesimama? Nani anaingia chumbani bila hodi? Nani anasubiri mlangoni? Chai inapoletwa, inawekwa mbele ya nani kwanza, na nani anaichukua mwenyewe kwenye sinia? Mwongozaji mzuri ameshakuchorea mishale yote, wewe unakili.

Hatua ya 7: Chora tena kwenye mgeuko, halafu tafuta mshale wa kudhania

Chagua tukio moja ambapo kisa kinageuka na uchore ramani yake peke yake, pembeni, kwa ukubwa. Kwa paa ni ugonjwa.

Mke na bi kizee wanamhangaikia paa. Bwana ametulia. Bi kizee anakwenda kumwambia, anarudi na agizo: mpikieni uji wa mtama. Mtama. Zile punje alizokuwa akichakura jaani na kugawana na paa walipokuwa hawana kitu, ndizo anazomrudishia sasa akiwa ndani ya jumba ambalo paa alilipata kwa upanga. Mke anashtuka kuliko hata sisi.

Sasa mishale. Tangu tukio la tatu paa hakuwahi kumhitaji bwana wake kwa lolote zaidi ya ruhusa. Leo, kwa mara ya kwanza, kuna mshale wa kweli kutoka kwa paa kwenda kwa bwana: uangalizi. Na bwana anaangalia maisha yake, mke, jumba, watumishi, haoni mshale wowote kutoka kwake kwenda kwa paa. Anaamini umekwisha.

Chora mistari miwili. Mzima: bwana bado anamhitaji paa, maana kila alicho nacho kinasimama juu yake. Wa nukta nukta: anavyodhani yeye, kwamba hamhitaji. Mwanya kati ya mistari hiyo miwili ndimo bwana anamoangukia mpaka jaani. Ukiulizwa "ni nini kilichomwangusha", usijibu "bahati yake iliisha" wala "alikuwa na roho mbaya". Jibu kwamba alikosea kuhesabu nani anamhitaji nani, na uonyeshe uji wa mtama kama ushahidi.

Jaribu kutafuta mshale wa nukta nukta katika kila kisa unachosoma. Othello anadhani anamhitaji Iago kwa ukweli. Anayemhitaji mwenzake ni Iago, anayehitaji kuaminiwa.

Hatua ya 8: Kwa wanaoandika, jaribu kuondoa bahati

Wasomaji mnaweza kuishia hapo juu. Waandishi, chukueni ramani ya hadithi yenu wenyewe na mzibe nukta za kijani kwa kidole, moja moja. Kila ukiziba, uliza: hadithi inakufa, au inatafuta njia nyingine?

Bahati inayomwingiza mhusika matatani msomaji ataipokea hata ikiwa kubwa. Ile inayomtoa ataidai risiti. Katika Romeo na Juliet barua ya padri ya kumweleza Romeo kwamba Juliet hajafa kweli haifiki kwa sababu mjumbe amefungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Ni bahati mbaya kubwa mno, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa inazidisha shida. Hebu barua hiyo hiyo ifike kimiujiza dakika ya mwisho uone watu watakavyoguna.

Hili nalijua kwa uchungu. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na binti ambaye nyumba yake ya urithi inakaribia kupigwa mnada, na siku ya mnada mjomba wake anatokea kutoka Muscat na fedha taslimu. Nilijivunia sana. Nikampa rafiki asome, akasoma kimya, akauliza swali moja: "Huyu mjomba miaka yote alikuwa wapi, na mama mtu alipougua?" Sikuwa na jibu. Nilipochora ramani niliona tatizo hapo hapo: mjomba hakuwa na mshale hata mmoja kabla ya ukurasa wa mwisho. Hakuna aliyemhitaji wala aliyehitajiwa naye. Nilimrudisha mwanzo, nikampa deni kwa dada yake, nikamfanya akatae simu mara mbili. Mwishoni alikuja vile vile na fedha zile zile, ila sasa zilikuwa zinauma.

Ukikwama

*Mishale yote inakwenda kwa mtu mmoja tu.* Ama umechora cheo (rudi onyo la hatua ya 3), ama mwandishi ameshindwa kumpa huyo mtu uhitaji. Mkali asiyehitaji kitu hatishi, anachosha. Tafuta anachohitaji, hata kama ni kuitwa "mtukufu". Kama kisa ni chako, mpe.

*Sioni bahati yoyote kwenye kisa hiki.* Angalia mwanzo kabisa, kabla ya tukio la kwanza: amezaliwa wapi, wa kike au wa kiume, wa ngapi kwa baba yake. Mara nyingi bahati imeshagawanywa kabla pazia halijafunguliwa, na hadithi inashughulika na matokeo.

*Kila kitu naona ni bahati.* Basi unasoma muhtasari, rudi kwenye kisa chenyewe. Kama umerudi na hali ni ile ile, kisa ni dhaifu, na una haki ya kusema hivyo kwenye jibu lako ukiwa na ushahidi.

*Mungu, mizimu, kudura, naviweka wapi?* Inategemea kisa kinaamini nini, usiangalie unaamini nini wewe. Kama ndani ya kisa majini wanakuja, wanaagiza, wanakasirika, ni wahusika: wape mstari wao na mishale yao. Kama kudura inatajwa tu na watu kujifariji, ibaki midomoni mwao, na ujiulize anayeitaja anakwepa kusema nini.

*Wapenzi wawili wanahitajiana sawa sawa, duara jekundu niliweke wapi?* Hawako sawa katika kila tukio. Tazama nani anapiga simu kwanza baada ya ugomvi. Duara litahama kati yao, na huko kuhama ndiko uhusiano wenyewe. Ukikuta halihami kabisa tangu mwanzo hadi mwisho, hapo hakuna mapenzi, kuna ajira.

*Tamthilia ya runinga ina watu arobaini.* Chagua wanne na kipindi kimoja. Wengine waweke kwenye duara moja uliite "mtaa". Mtaa nao una mishale.

*Nina dakika arobaini za mtihani, sina nafasi ya manila.* Fanya hatua ya 2, ya 3 na ya 7 kwenye karatasi ya rasimu, kwa kalamu moja, mistari mizima na ya nukta. Dakika nane zinatosha ukiwa umezoea. Kila aya ya jibu lako iwe tukio moja: nani alimhitaji nani, nini kikabadilika, ushahidi ni upi. Usimwonyeshe msahihishaji mishale, atadhani unachora.

*Nimemaliza, ramani imechafuka haisomeki.* Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nakili ile ya hatua ya 7 peke yake kwenye karatasi safi, hiyo ndiyo ya kutunza. Kalenda irudishe ukutani.